Hodi Mia Tatu za Elikana

"Tovuti yangu ya kushona viatu inapigiwa hodi mara mia tatu kwa siku!" Elikana alimtambia dada yake Nsia, aliyekusudia kuacha kazi yake ya benki kesho yake ili waendeshe biashara pamoja.

Siku hizi tovuti hazikai kwenye mitambo. Kila moja hutunzwa kichwani mwa mtu. Na kumpata mtunzaji si mchezo. Wa kwanza alipiga chafya, duka zima likapotea. Wa pili alilala mchana kama chatu aliyemeza mbuzi, na duka likalala naye. Ndipo akapatikana Mama Oforo, mwanamke wa shoka: anapika, anagombana na muuza nyanya, anasuka wajukuu watatu, na tovuti haitikisiki. Mgeni akiingia dukani, kiganja cha kushoto cha mama huyo hucheza tu.

Nsia alikwenda kumwona, Elikana nyuma yake.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuwaona wateja wetu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa tuwangoje."

Wakangoja. Mama Oforo akamenya mkungu mzima wa ndizi, kiganja kimetulia tuli. Elikana akaingiza mkono mfukoni polepole, ilimo simu.

Kiganja kikacheza.

"Si nilikwambia!" akaruka.

"Karibu, Elikana," alisema Mama Oforo bila kuinua macho. "Ni gumba lile lile lenye kovu lililopiga hodi zote mia tatu za jana. Ila leo linatetemeka. Hujala tangu jana, baba?"

Nsia aliutazama ule mfuko. Elikana hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba hajala.