Kitanda cha Mbonea

“Nimeshasema chumba hicho kina mwenyewe!” Mama Mbonea alifoka, mikono kiunoni. “Wekeni mitambo yenu hukohuko shuleni.”

“Mama, ni mitambo ya shule zote nne, na nyumba yako ndiyo iliyo katikati,” Mwalimu Kajiru alimwambia. “Bila mtandao, watoto hawatafanya mtihani wa kompyuta.”

“Na mwanangu akirudi alale wapi? Juu ya mitambo?”

Fundi aliyekuja kufunga mitambo alicheka, kisha akainama kuikagua keekee yake ya kutobolea. Mtaa mzima ulijua kwamba Mbonea aliaga anakwenda kutafuta kazi, na huu ulikuwa mwaka wa saba bila hata salamu.

“Mtihani ni Jumatatu,” mwalimu alisema kwa upole. “Mbonea ni lini?”

Mama Mbonea aliingia chumbani, akakunja godoro, akakikokota kitanda hadi sebuleni. Fundi alipotaka kumsaidia, alimsukuma mkono. Akakitandika upya mkabala na mlango wa mbele, akaupiga mto ngumi mbili ili ujae vizuri.

“Haya, toboeni huo ukuta.”

Keekee ikaanza kunguruma. Yeye akaufungua mlango wa mbele, akauwekea jiwe usijifunge.