Kidole Katikati ya Kurasa

Mpwa aliyemsomea shangazi yake vitabu kwa sauti alikuwa msomaji mwenye maneno. Kitabu cha mauaji ya kweli alikiita umbea wenye jalada. Cha historia, alilalamika, kilijaa wafalme, mpishi hata mmoja hakuna. Shangazi alisikiliza bila neno, kama alivyokuwa tangu amzike mumewe.

Alasiri hiyo, pazia likipumua taratibu dirishani, walikuwa kwenye riwaya ya njozi. Mwanamke amepanda joka, anapasua mawingu kumfuata marehemu mumewe.

“Shangazi, huu sasa uongo mtupu,” mpwa akasema, akakifunga kitabu.

Hakikufungika. Kidole chembamba chenye pete kilikuwa kimebanwa katikati ya kurasa.

“Fungua,” shangazi akasema, sauti imeshika kutu. “Hajamfikia.”