Kijitundu cha Lenga

Siafu mmoja aitwaye Kabari alikuwa mkuu wa ukuta. Kila mara kabila lake lilipopumzika safarini, siafu walishikana miguu wakawa ukuta hai uliowazunguka watoto, naye Kabari hakujua neno jingine ila "Kazeni!"

Asubuhi moja tandu mwenye njaa alikuja kuunyemelea ukuta huo. Kabari akapita akikagua, akamkuta Lenga, siafu wa miguu mifupi, ameacha kijitundu ubavuni.

"Lenga, unamkaribisha adui?"

"La, mkuu. Hapa tunawapitishia watoto maji. Kichwa cha tandu hakipenyi."

"Ukuta wenye tundu si ukuta. Toka!"

Lenga akatoka. Kabari mwenyewe akasimama mahali pake, akakaza hata upepo ukakosa njia. Tandu alijaribu huku na huku, akashindwa. Kabari akajiona shujaa.

Jua lilipopanda, watoto wakalia kwa kiu. Kisha vilio vikaanza kufifia, na hapo ndipo mama zao walipoingiwa na hofu. Mmoja akaachia mguu akamkimbilia mwanawe, wa pili akamfuata, na ukuta ukapasuka. Tandu akaingia. Siafu walimng'ata mpaka akatimka, lakini alikwisha kula watoto kadhaa.

Kabari alimwendea Lenga, macho chini.

"Rudi mahali pako, ndugu yangu."

"Pamoja na kile kijitundu, mkuu?"

"Rudi nacho. Mimi nilijua kuzuia tu, kupitisha sikujua."