Mbele au Nyuma

Beseni la maji lilikwenda kibarazani, pampu ikaenda jikoni nyuma ya mlango, na mkasi, msasa na kopo la gundi vikabaki sebuleni juu ya kigoda. Ukimtazama mshonaji akivitawanya vitu namna ile, ungesema huyu hajawahi kuona baiskeli ikizibwa pancha maishani mwake. Na yeye ni mtoto wa fundi baiskeli, amekulia kwenye spoku na grisi.

Lakini alikuwa hoi. Kutwa nzima alikuwa akikanyaga cherehani, akatoka hapo akakanyaga baiskeli mpaka nyumbani, kisha akaikunja na kuipandisha ngazi zote ameikumbatia kifuani. Miguu ilimwaka moto. Angepewa ruhusa angelala palepale sakafuni, na viatu vyake.

Jirani wa chini alikuwa amemfuata mpaka mlangoni, kama kawaida yake, kurudisha sufuria na kuokota habari. Aliiona baiskeli, akauliza kama ni pancha tena.

"Wee acha tu," mshonaji alisema.

Jirani akacheka. Hiyo si baiskeli, alisema, hiyo ni mgonjwa wa kudumu; Jumamosi ikifika tu lazima iugue. Halafu akashusha sauti. Shemeji yake angeiziba mara moja hapo chini, tena bure. Ya nini kumsumbua mzee?

Mshonaji alishukuru, akasema hakuna haja.

"Huna huruma wewe," jirani alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Mtu amelala hajiwezi, unamwinua kwa ajili ya mpira?"

Neno lile lilimuuma mshonaji. Alipokea sufuria yake, akafunga mlango.

Mzee, baba yake mshonaji, hakuwa na ugonjwa wenye jina. Tangu mkewe azikwe aligeukia ukuta, basi. Chakula aliletewa hukohuko kitandani, akadokoa, akarudisha sahani. Daktari alikuja akampima, akasema moyo ni mzima na mifupa ni mizima, ila akiendelea kulala hivyo kitanda kitammaliza. Miguu ilishaanza kuvimba. Kaka yake mshonaji naye alikuja kubembeleza, akaambiwa arudi alikotoka. Siku hizi mshonaji kila akiamka, kabla hajanawa uso, husimama kwanza kwenye mlango wa chumba kile kusikiliza kama baba yake anapumua. Aliogopa, na woga huo ulimchosha kuliko cherehani.

Aliusogelea mlango huo sasa.

"Baba, pancha."

Sauti ikatokea upande wa ukuta, ikamwambia ampelekee fundi wa pale kona.

"Nilimpelekea siku ile ulipokataa," mshonaji alisema.

Mzee akaguna, akaanza kulalamika. Anapita wapi huyu mtoto? Barabara zote za mji huu, miiba inamngoja yeye peke yake? Na miiba yenyewe ya ajabu, maana wiki iliyopita alipitisha kidole ndani ya tairi zima, hakukuta mwiba, hakukuta kioo, hakukuta hata punje ya mchanga. Mshonaji aliyapokea yote. Ndiyo Baba, alisema, atakuwa mwangalifu.

"Huyo wa kona alifanyaje?"

"Alipaka gundi, akabandika kiraka."

"Palepale?"

"Palepale."

"Hakungoja gundi ishike?"

"Hakungoja, Baba. Na msasa sikuuona."

Mshonaji alisimama ameegemea mlango, macho yanajifumba kwa usingizi, masikio yote yako chumbani. Alipoanza kufikiri kwamba leo imeshindikana, kitanda kikalia. Mzee alikuwa ananung'unika kwamba ufundi umeingiliwa na wahuni, kwamba watu watavunjika shingo barabarani kwa uvivu wa mtu mmoja. Mguu ukagusa sakafu, ukafuatiwa na wa pili.

Akauliza beseni liko wapi. Kibarazani, aliambiwa. Na pampu? Jikoni.

"Jikoni imefuata nini?" mzee alifoka. "Mnataka nizunguke nyumba nzima?"

"Samahani, Baba. Nimechoka, sikufikiri."

Alimsikia akipapasa kutafuta fimbo, akaipata, akaanza safari huku akihema na kugombana na viatu. Mshonaji aliwahi kibarazani. Alivuta kiti kando ya beseni, akaikunjua baiskeli, akaipindua magurudumu juu. Jua la jioni lilikuwa bado lina joto. Litamfaa mzee mgongoni.

"Mbele au nyuma?" mzee aliuliza kutoka jikoni, na sauti yake ilikuwa ya fundi kabisa.

Mshonaji aliliminya gurudumu la mbele, akaliminya la nyuma. Yote mawili yalikuwa magumu, yamejaa upepo tele. La nyuma lina mnyororo, litamweka muda zaidi. Alichomoa sindano nene kwenye ukosi wa gauni lake, akaizamisha yote ndani ya tairi, na alipoitoa akakohoa kwa nguvu ili mlio wa upepo usisikike.

"Nyuma, Baba."