Pazia la Marinda Manne

Fundi alikuwa na pini tatu mdomoni na gauni la Madam mapajani, limekunjwa mara mbili ili lisiguse sakafu. Lilikuwa gauni la sherehe, la kuburuza, lenye shanga mikononi. Mkono wa kulia ulikwisha. Wa kushoto ulibakiza safu nne.

Simu yake ya vitufe ililia kwa mara ya tatu asubuhi hiyo.

"Mama, usije ukaniangusha," ilisema sauti ya binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha ukurasa wa Madam mtandaoni. "Kesho tunapiga picha. Watu elfu tisa wanasubiri. Halafu lipunguze kidogo, linampwaya."

"Mwambie Madam wako ale," fundi alijibu kupitia kwenye pini. "Na nikimpima atulie. Juzi kanichezea mbele ya kioo, futi yangu ya kupimia kaivaa kama mkufu."

"Ndivyo mastaa walivyo, Mama." Binti alicheka, akakata.

Mlangoni palipigwa hodi. Aliingia mwanamke kijana, viatu vimejaa vumbi, bahasha kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama ni gauni, foleni yangu ni wiki mbili."

"Si gauni. Natoka ofisi ya ustawi wa watoto. Nimekuja kwa ajili ya pazia."

Aliweka picha mezani. Katikati ilikuwa na tundu. Mtu alikuwa amekata kwa mkasi, taratibu, akaacha umbo tupu: kichwa kidogo, mkono mmoja kiunoni, visigino vimeinuliwa juu.

"Mtoto nimemtoa," alisema ofisa. "Ameshatazamwa na watu wengi mno."

Fundi alitema pini, moja moja, kwenye kiganja.

"Aliyempiga picha hakuwa na nia mbaya," ofisa aliendelea. "Kampaka rangi ya midomo, kamvika viatu virefu, kamwambia asimame kama mtu mzima. Watu wakacheka, wakapenda. Lakini wako ambao hawakucheka. Hao wameichukua, wanapitishiana huko kwao, na jina la mwenye picha limefutwa. Juma hili mmoja wao ameanza kuulizia mtoto anakaa mtaa gani. Nataka nifike mimi kwanza."

"Na mimi naingiaje?"

"Pazia la nyuma yake ndilo tulilobaki nalo. Nimezunguka kwa mafundi kumi na mmoja. Wote wanasema pazia hukunjwa marinda matatu matatu. Hili ni manne manne. Wa mwisho akacheka, akaniambia, nenda kwa yule mama aliyejifundisha mwenyewe."

Fundi hakuudhika. Ni kweli alijifundisha kwa kufumua mapazia ya watu, na la kwanza kulifumua lilikuwa na manne. Alipokuja kusikia wenzake hukunja matatu, mkono ulikuwa umeshazoea.

Alivaa miwani. Kitambaa cha buluu, ndege weupe. Alikikumbuka, lilikuwa jora moja tu. Akafungua daftari lake la kazi, akashusha kidole mstari kwa mstari.

"Zahanati walichukua, lakini yao niliyafupisha. Hili linagusa sakafu." Kidole kikashuka tena, kikasimama. "Msusi wa pale kona."

Msusi alikuwa na mtoto wa kike, hodari wa kukata mauno mbele ya simu. Mtaa mzima ulimjua.

"Mtoto wake ana umri gani?" Kalamu ya ofisa ilikuwa tayari.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Jina la mtu ukishaliandika humo, kulitoa ni kazi." Aliichukua picha, akaisogeza mlangoni penye mwanga. "Na huyo mama, yeyote awaye, usimwendee kama mwizi. Anampenda mwanawe. Hajajua tu."

Aliitazama kwa muda mrefu, kama alivyotazama kila mshono kabla ya kuukata. Hapo ndipo alipowaona ndege vizuri. Katika mapazia yote aliyoyatoa kwenye jora lile, ndege walikuwa wakipaa. Hawa walikuwa wakishuka, vichwa chini.

Alirudi kwenye daftari polepole. Mara moja tu maishani alikata kitambaa juu chini. Lilikuwa pazia la mwalimu mmoja, na mwalimu alilikataa. Mbele ya jina lake fundi alikuwa ameandika: Limerudi. Ndege wamepinduka. Baada ya hapo hapakuandikwa mteja mwingine.

Alikaa. Akalivuta gauni la Madam mapajani, akalishika kwa mikono miwili.

"Si msusi," alisema.

"Nani basi?"

"Hili sikuliuza." Sauti yake ilikuwa imeshuka hadi ofisa akalazimika kuinama. "Nilimpelekea binti yangu, wiki aliyojifungua. Nilimtania, nikamwambia mtoto mchanga hajui juu wala chini."

Ofisa aliweka kalamu mezani.

"Na mtoto mwenyewe, mama? Ana miaka mingapi sasa?"

Simu ililia tena. Fundi aliiacha ilie. Alisimama, akalishika gauni mabegani, akaliegemeza kifuani pake, nalo likakunjuka lote. Gauni la kuburuza, pindo lake lilimwishia magotini. Sindano ilining'inia kwenye mkono wa kushoto, safu nne za shanga bado.

"Madam?" alisema. "Kesho anatimiza minane."