Niachie Mimi

Chai ya pili ilipoletwa bila kuagizwa, makamu wa mwalimu mkuu aling'amua kwamba kikao hiki hakina haraka ya kuisha.

Walikuwa wanne ndani ya chumba cha walimu, madaftari ya kusahihishwa yamerundikana mpaka dirishani. Kiti cha mwalimu wa michezo kilikuwa kitupu. "Ana timu," alisema mwalimu wa darasa la saba, mama mwenye sauti ya kutuliza hata ng'ombe. Hakuna aliyeuliza timu gani.

Ajenda ilikuwa moja tu: msichana wa la saba, yule anayekaa dawati la nyuma.

"Anza wewe, Kanuni," mama akasema.

Mwalimu wa hesabu, aliyebandikwa jina hilo kwa kuwa hata salamu huijibu kwa hatua, alikohoa. "Mimi niliona vidole. Wiki mbili kaandika kwa kushoto wakati si wa kushoto. Nikamuuliza, akasema mlango ulimbana."

"Kwangu alisema alianguka bafuni," akadakia mwalimu wa sayansi. "Wiki hiyohiyo."

"Nami niliwapa insha ya likizo," akasema mama. "Wenzake wamejaza kurasa mbili. Yeye mstari mmoja: naomba isije."

Kanuni akakoroga chai isiyo na sukari.

Makamu hakusikia jipya hapo. Kila mmoja wao alikwishamjia ofisini na kipande chake, peke yake, mlango umefungwa. Ndio utaratibu aliouweka mwenyewe: habari za watoto haziongelewi kwenye chai, zinaletwa kwa makamu. Naye kila mmoja alimjibu vilevile, niachie mimi. Wakamwachia. Mwaka mzima.

Leo vipande vyote vimewekwa meza moja, na hata kipofu angeona vinavyoungana.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Tulitaka kukuuliza wewe," akajibu wa sayansi.

"Jamani, taratibu. Watoto wa siku hizi wana maneno. Tusije tukavunja nyumba ya watu kwa umbea."

"Umbea nao una kazi yake, Makamu," akasema wa sayansi. "Bila ule wa juzi pale kwenye birika, mpaka leo kila mtu angedhani ni yeye peke yake aliyeona. Kanuni alikuwa halali usingizi, maskini. Nilidhani ana mke wa pili."

"Huyo mmoja tu ananishinda," Kanuni akanung'unika.

Hakuna aliyecheka. Makamu akatazama saa ya ukutani: saa kumi na moja kasorobo. Muda huu kwa kawaida alikuwa ameshafika nyumbani. Akafunga daftari lake, akasimama.

"Nimewaelewa. Nitalishughulikia leo hiihii. Niachieni mimi."

"Kaa kidogo," alisema mama.

"Nina safari."

Kanuni alikuwa amevuta kiti chake, akakaa ameegemea mlango, mikono kifuani. Makamu akamwangalia, kisha akamwangalia wa sayansi, ambaye alikuwa anatazama sakafu.

Simu ya mama ikatetemeka mezani. Aliusoma ujumbe mara mbili, akashusha pumzi, na kwa mara ya kwanza jioni ile akamtazama makamu usoni.

"Mwalimu wa michezo ameshamfikisha kituo cha polisi," alisema. "Binti yako anaandika maelezo, Makamu."