Ngiri Mgambo na Mama Mkwe

Alikuwapo Ngiri, mkulima wa mihogo, mwoga kupindukia. Mfalme Simba akamvika kofia ya mgambo, akampa rungu.

“Niletee mwasi kutoka msituni, la sivyo nitakula wewe!”

Ngiri akashika njia ya msituni. Mwasi wa kwanza kukutana naye, lo, mama mkwe wake! Akajitupa kando ya njia kifudifudi, maana mkwe hatazamwi usoni.

“Baba, na rungu hilo wendapi?”

“Nimekuja… kuwalimia, mama.”

“Ahsante, mwanangu. Shamba lile pale.”

Jioni Simba akamfuata kwa hasira, akamkuta analima katikati ya ngiri waasi mia, wote wametoa meno nje.

“Mwasi wangu yuko wapi?”

“Ndio hawa, Mfalme. Kwangu mimi ni wakwe, naona haya. Wewe huna undugu nao, wakamate.”

Simba akayatazama yale meno.

“Hamjambo, jamani? Poleni na kazi,” akasema, akarudi kwake upesi.